Bafu Lisilomwangusha Mtu

Ujerumani, kigae cha bafuni hupimwa kwa nyayo za binadamu. Mtu huvua viatu, hufungwa kamba ya usalama, kisha hutembea mbele na nyuma juu ya jukwaa lililopangwa vigae huku maji ya sabuni yakitiririka chini ya miguu yake. Jukwaa huinuliwa upande mmoja, kidogo kidogo, mpaka afike mahali ambapo hathubutu kupiga hatua nyingine. Mwinamo huo ndio daraja la kigae. Kinachostahimili nyuzi 12 hupewa herufi A na kinafaa chumba cha kubadilishia nguo. Cha nyuzi 18 ni B, na hicho ndicho cha bafuni. C huanzia nyuzi 24 na huwekwa kwenye ngazi zinazozama ndani ya bwawa la kuogelea. Kanuni yenyewe ilijulikana kwa miaka mingi kwa jina la DIN 51097, na kiwanda makini hutaja daraja hilo kwenye maelezo ya bidhaa yake.

Mnunuzi wa Kariakoo au wa Mombasa haangalii huko. Huuliza bei ya boksi, huchagua rangi inayolingana na ukuta, kisha hupitisha kiganja juu ya kigae kusikia ulaini wake. Ulaini huo huo ndio utakaompokea mama yake siku atakapokuja kutoka kijijini, ana presha, goti moja linamsumbua, na hajazoea kuogea mahali panapong'aa. Kule alikotoka alikuwa na bafu la uani: sakafu ya saruji iliyokwaruzwa kwa ufagio ingali mbichi, ndoo, kopo na kigoda. Halikuwa bafu la kuwaonyesha wageni, lakini lilikuwa na mambo mawili ambayo bafu jipya la mjini limeyapoteza. Lilishika mguu, na lilimkalisha mtu.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaokufa zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea. Hesabu hiyo imechanganya maanguko ya kila namna, ya mtini, ya ngazini, ya kitandani. Kwa bafu peke yake, Wamarekani ndio waliohesabu vizuri: mwaka 2008 watu wapatao 234,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi walifikishwa katika vyumba vya dharura kwa majeraha ya bafuni na chooni, na wanane katika kila kumi walikuwa wameanguka. Zaidi ya theluthi moja waliumia wakati wanaoga au wanatoka kuoga.

Jeraha lenyewe ni nusu tu ya habari. Mzee akishaanguka mara moja, familia hukaa kikao. Nani atamwogesha? Mama hawezi kuogeshwa na mwanawe wa kiume, na baba mkwe kuogeshwa na mke wa mwanawe ni jambo ambalo nyumba nyingi haziwezi hata kulizungumza, sembuse kulifanya. Basi mzee hupunguza kuoga, hufutwafutwa kwa kitambaa, au huvizia watu wametoka akaingia bafuni kimyakimya peke yake. Hapo ndipo huanguka mara ya pili, na safari hii hakuna wa kumsikia. Kwa hiyo bafu salama linalinda mfupa, lakini pia linalinda siri ya mtu na mwili wake.

Wanaolihitaji ni wengi kuliko wale wanaotumia vitimwendo. Yumo aliyepata kiharusi na upande mmoja haumtii. Yumo mwenye kifafa, mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi, mwenye ualbino asiyeona vizuri, mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye mwaka hadi mwaka anakuwa mzito kwa mama anayembeba. Yumo pia kijana mzima aliyetoka kwenye ajali ya bodaboda na plasta mguuni, ambaye hahesabiwi popote kama mlemavu lakini kwa wiki kadhaa bafu lake limegeuka adui.

Kama familia ina uwezo wa kununua kitu kimoja tu, inunue kiti. Wengi huanza na vyuma vya ukutani kwa sababu ndivyo walivyoona hospitali, lakini mtu aliyekaa hana umbali mrefu wa kuanguka, mikono yake yote miwili iko huru, na kizunguzungu kinachowapata watu wa presha baada ya maji ya moto hakimkuti amesimama. Kigoda cha zamani kinamfaa bado mwenye magoti mazima. Aliyepata kiharusi au aliyevunjika nyonga hawezi kuinuka kutoka chini namna ile, yeye anahitaji kikalio cha kimo cha kiti cha kulia chakula. Kanuni za Marekani husema sentimita 43 hadi 48 kutoka sakafuni, kipimo ambacho kinakaribiana pia na kikalio cha kitimwendo, ili anayehama kutoka kimoja kwenda kingine ateleze kwa makalio bila kupanda wala kushuka.

Kiti kinachotumika katika nyumba nyingi ni kile cheupe cha plastiki, cha harusini na misibani. Ni cha bei nafuu, hakishiki kutu, na maji hayakiozeshi. Tatizo liko miguuni. Juu ya kigae chenye povu, miguu yake minne hutanuka kuelekea nje mzito anapokaa au anapojiegemeza upande mmoja ili ainuke. Kikiwa kimekaa juani miaka miwili mitatu, plastiki yake imekauka na hupasuka bila kutoa ishara.

Kuna mhandisi wa Marekani, Don Schoendorfer, aliyekifikiria sana kiti hicho. Mwaka 2001 alianzisha shirika la Free Wheelchair Mission, na kitimwendo chake cha kwanza kilikuwa kiti hicho cheupe cha bustanini, kimefungwa juu ya fremu ya chuma yenye magurudumu ya baiskeli. Shirika lake limegawa zaidi ya vitimwendo milioni moja katika nchi nyingi. Alichokiona ni kwamba plastiki ile ni kikalio kizuri lakini ni miguu mibaya. Wazo hilo linaingia bafuni bila kubadilishwa: fundi wa kuchomelea akitengeneza fremu ya bomba la mraba yenye miguu minne iliyoachana vizuri na mipira chini yake, akakata miguu ya kiti cha plastiki na kukifunga kikalio juu yake kwa bolti, mtu anapata kiti cha kuogea kinachoweza kumbeba. Tundu likatwe mbele ya kikalio ili anayeoga ajisafishe bila kuinuka. Rangi ya kuzuia kutu ipakwe kabla ya kiti kuanza kutumika, si baada.

Kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo, kikalio kigumu hakitoshi hata kama ni imara. Hasikii maumivu sehemu za chini, kwa hiyo dakika ishirini juu ya plastiki tupu, kila siku, zinaweza kuanzisha kidonda cha mgandamizo ambacho kitamlaza hospitali kwa miezi. Wake uwe na tandiko laini lisilopitisha maji. Wataalamu wa tiba kazi wanaijua hesabu hii vizuri, na mashirika kama CCBRT ya Dar es Salaam na karakana za APDK nchini Kenya yana uzoefu wa miaka mingi wa vifaa vya watu wenye ulemavu. Chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981. Kuwaendea mapema na vipimo vya bafu mkononi ni bora kuliko kununua kwanza na kuuliza baadaye.

Ndoo nayo ina makosa yake. Ikiwa chini sakafuni, anayeoga ameketi lazima ainame kila anapochota, na kuinama huko ndiko kunakomvuta mbele. Iwekwe juu ya kistuli, usawa wa goti, ijazwe nusu. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20 na zaidi, na asiyeweza kusimama sawasawa hapaswi kuihamisha hata hatua moja. Penye bomba la mvua, kinachotakiwa ni shawa ya mkono yenye mpira wa mita moja na nusu. Nyumba nyingi za pwani tayari zina mpira wa kutawazia chooni, na huu ni ndugu yake, ila mrefu zaidi.

Sasa vyuma vya kushikia. Kwanza ifahamike kwamba kile cha kutundikia taulo si cha kushikia. Mtu anayeteleza hukamata chochote kilicho karibu kwa uzito wake wote, na cha taulo hung'oka pamoja na kipande cha kigae. Kanuni za Marekani hutaka chuma cha bafuni kihimili paundi 250, yaani kilo 113 hivi, kiwe sentimita 84 hadi 91 kutoka sakafuni, na unene wake uwe kati ya milimita 32 na 51. Bomba la maji la chuma la inchi moja, lile linalouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, lina unene wa nje wa milimita 33 au 34, kwa hiyo limo ndani ya kipimo bila kuagiza kitu kutoka ng'ambo. Nafasi kati ya bomba na ukuta iwe milimita 38. Vidole vinapita, lakini kiwiko hakipenyi. Nafasi ikiwa kubwa, mkono mzima huzama nyuma ya chuma wakati mwili unaanguka, na mfupa ukavunjika hapo hapo.

Yote hayo ni bure kama ukuta ni dhaifu. Tofali la saruji lenye matundu lina ngozi nyembamba tu, na fisha ikichomekwa pale hushika hewa. Fundi mwaminifu hugonga ukuta kwanza asikie, kisha hupitisha bolti ndefu mpaka upande wa pili na kuifunga na bamba la chuma. Anayejenga leo anaweza kujiepusha na kazi hiyo kwa kumwambia mwashi ajaze zege kwenye matundu ya tofali za usawa wa kiuno kuzunguka bafu zima, hata kama hakuna mgonjwa yeyote nyumbani. Vile vyuma vya kunata kwa mpira wa kufyonza, vinavyouzwa kwa maneno matamu mtandaoni, vinasaidia mtu kujua alipo tu. Visibebeshwe mwili.

Kwa aliyepata kiharusi, mahali pa chuma ni muhimu kuliko ubora wake. Akiingia, mkono wake wenye nguvu uko upande wa ukuta, na familia hufurahi. Akigeuka kutoka, mkono huo huo umeangalia hewani. Kwa hiyo mlangoni huhitajika vyuma viwili, kimoja cha kuingilia na kingine cha kutokea, na fundi asitoboe mpaka mwenyewe ameingia na kutoka mbele yake, nguo zake mwilini, akionyesha mkono unakokwenda.

Halafu kuna kizingiti. Mafundi hukijenga kwa nia njema, maji yasitoroke kwenda koridoni, na mara nyingi hukipandisha inchi nne au zaidi. Mguu wa mtu aliyepooza upande mmoja hauinuki kiasi hicho. Hukwama, naye hutangulia kichwa. Kitimwendo hakipiti kabisa. Maji yanaweza kuzuiwa kwa njia nyingine: sakafu iinamishwe kuelekea kwenye tundu la kutolea maji, sentimita mbili kwa kila mita, na mlangoni uchimbwe mfereji mwembamba wenye wavu wa chuma juu yake. Kanuni za Marekani huruhusu kizingiti cha milimita 13 tu, na hapo napo pembe zake zichongwe.

Mlango wa bafu hukatwa mwembamba kuliko milango yote ya nyumba, sentimita 70, hata 60, wakati kitimwendo cha kawaida cha mtu mzima kina upana wa karibu sentimita 65 bila kuhesabu vidole vya anayekisukuma. Nafasi wazi ya sentimita 80 inatosha. Na mlango ufunguke kuelekea nje. Aliyezimia ndani ya bafu dogo huanguka akaegemea mlango, na ukiwa unafungukia ndani, waokoaji humsukuma yeye. Mwenye kifafa asijifungie kwa komeo la ndani. Kanga iliyotundikwa juu ya mlango imekuwa ikitosha kusema "kuna mtu" tangu zamani, na bado inatosha.

Maji ya moto ni hatari ya aina yake. Kwenye nyuzi 60 za Selsiasi, ngozi ya mtu mzima inaweza kuungua vibaya kwa sekunde tano hivi. Kwenye nyuzi 49 huchukua dakika kadhaa. Ngozi ya mzee na ya mtoto ni nyembamba, haingoji hivyo. Asiyesikia joto miguuni, kwa sababu ya kisukari, ukoma au jeraha la mgongo, ataona malengelenge kabla ya kuona moto. Katika hospitali na nyumba za wazee za Uingereza huwekwa vali za kuchanganya maji, na ya shawa hayaruhusiwi kupita nyuzi 41. Nyumbani kanuni ni ya ndoo: maji baridi yatangulie, ya moto yaongezwe, na yajaribiwe kwa kiwiko cha mkono unaosikia. Wanaotumia zile shawa zinazopasha maji kichwani kwa umeme wamwite fundi umeme akague waya wa ethi na kifaa cha kukata umeme unaovuja. Mtu aliyeketi kwenye kiti cha chuma, miguu majini, hawezi kuruka nyuma akipigwa shoti.

Kwa Waislamu, bafu haliingiwi mara moja tu kwa siku. Mzee anayetawadha kwa sala tano huingia mahali penye maji alfajiri, macho hayajazoea mwanga, na sehemu ya mwisho ya udhu ni miguu. Hapo husimama kwa mguu mmoja juu ya sakafu iliyolowa, ameuinua mwingine mpaka kwenye sinki lililo usawa wa kiuno. Ni vigumu kubuni mkao mbaya zaidi kwa mtu wa miaka 70. Misikiti mingi imekwisha kutatua jambo hilo kwa mabomba ya chini na viti vya zege vya kukalia, na hakuna kinachozuia bomba moja la chini na kistuli viwekwe nyumbani pia. Udhu wa mtu aliyeketi ni udhu.

Vitu vidogo havihitaji fundi. Ndala zilizokwisha soli ziondoke bafuni, kwani ni laini kuliko kisigino kitupu. Sabuni ya kipande itiwe kwenye wavu na kufungwa kamba isianguke ikafuatwa. Kile kitambaa kikuukuu kinachotandikwa mlangoni kukaushia miguu huteleza pamoja na mtu, kwa hiyo zulia lenye mpira chini lichukue nafasi yake. Na taulo liwe karibu na kiti, mtu ajikaushe nyayo kabla ya kusimama.

Macho na akili navyo vina bafu lao. Bafu jeupe tupu, ukuta, sakafu na kiti vyote rangi moja, ni ukungu kwa asiyeona vizuri; chuma cha kushikia kikipakwa bluu au chungwa, kinajitokeza. Kwa asiyeona kabisa rangi haina kazi, lakini kopo na sabuni virudi palepale kila siku. Mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kuogopa maji yanayomwangukia kichwani asijue yametoka wapi, na mtoto mwenye usonji anaweza kuumizwa na mlio wa shawa kwenye chumba kinachovuma. Wote wawili mara nyingi hutulia kwa ndoo na kopo.

Sheria zipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachowezekana. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010. Nchi zote mbili zimeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Lakini sheria hutazama zaidi majengo ya umma, na bafu la nyumbani limeachiwa familia na fundi wake. Japani ilichagua njia tofauti. Bima yake ya matunzo ya wazee, iliyoanza mwaka 2000, hulipia marekebisho ya nyumba ya hadi yeni 200,000, mhusika akichangia sehemu: vyuma vya kushikia, kuondoa vizingiti, kubadilisha sakafu inayoteleza, mlango wa kuburuta, hata kung'oa choo cha kuchuchumaa na kuweka cha kukalia.

Ron Mace, msanifu majengo wa Marekani aliyepooza kwa polio akiwa na miaka tisa, alisoma chuo kikuu huko North Carolina akibebwa kupanda na kushuka ngazi, na kitimwendo chake hakikuweza kuingia vyooni. Mwaka 1973 jimbo hilo lilitoa kanuni za ujenzi zinazowazingatia watu wenye ulemavu, naye alikuwa mmoja wa waliozifanyia kazi. Maisha yake yote yaliyobaki, mpaka alipofariki mwaka 1998, alishikilia kwamba nyumba ijengwe tangu mwanzo kwa ajili ya watu wote, badala ya kumsubiri mgonjwa ndipo nyundo iitwe. Kwenye ramani ya nyumba mpya ya Kibaha au Kitengela, kupanua mlango wa bafu ni kufuta mstari mmoja na kuchora mwingine. Baada ya plasta ni kuvunja ukuta.

Aliyepanga nyumba ya mtu hana ramani, na wenye nyumba wengi hawataki ukuta utobolewe. Yeye abaki na vinavyohamishika: kiti chenye fremu, kistuli cha ndoo, shawa ya mkono inayofungwa kwa spana, zulia la mpira, na fremu ya chuma inayosimama yenyewe juu ya choo na kumpa mtu mikono miwili ya kushika. Vyote hivyo hupakiwa kwenye kirikuu siku ya kuhama. Cha kukaguliwa kila mwezi ni mipira ya miguuni mwa kiti. Ile ya magongo hufaa, inauzwa moja moja, na ikianza kung'aa chini muda wake umekwisha, ibadilishwe.